Bi. Josepha Ngollo na Aya Aliyoikata Mwanne

Tarehe 27 Juni 2025 Bi. Josepha Ngollo anastaafu, baada ya miaka ishirini na minne katika redio yetu hapa Tabora. Aliajiriwa kupokea simu. Siku moja mwandishi wa mchezo wa kuigiza wa Jumamosi hakuonekana, Bi. Josepha akaandika badala yake, na mezani pa simu hakurudi tena.

Watu humwuliza alipata wapi nafasi ya kuandika. Aliandika akipika. Mumewe alikuwa fundi wa reli, leo Kaliua, kesho Kigoma, na nyumba yao ya Itetemia ilibaki na mama, watoto wawili na jiko la mkaa. Kurasa zake zilitufikia zikiwa na madoa ya mafuta. Mmoja ulifika umeungua kona, na mwigizaji, kwa kukosa mwisho wa sentensi, akakohoa. Wasikilizaji walikisifu sana kikohozi kile.

Masikio yake nayo hayakupumzika. Mtoto akisema neno zuri wakati wa kula, Jumamosi lilikuwa hewani. Fikiri, kitinda mimba, alijigamba nalo shuleni. Dada yake, Mwanne, hakupenda.

Mwaka 2009 Mwanne alikuwa na miaka kumi na sita. Siku moja, wakichambua maharage, alimnong'oneza mama yake kwamba anampenda kijana mmoja wa kwaya, na kila Jumapili humwachia kichupa cha asali chini ya benchi bila kujitaja. Wiki ile Fikiri alikuwa hoi kwa malaria, Ijumaa imefika, na Bi. Josepha hana kisa. Akaandika kwaya, benchi na asali. Alibadili jina la msichana, akadhani inatosha.

Kanisa zima lilijua benchi lenye asali ni lipi, na aliyekuwa akikaa karibu nalo ni nani. Jumatatu sokoni watani walimpokea Mwanne kwa vicheko: "Mchumba wa kwaya! Na sisi wa sauti ya nne tuwekee kichupa!"

Hapa naomba nieleze kidogo, hasa kwa vijana wageni wa mji huu. Utani wetu ulikomaa katika misafara ya kwenda pwani. Mnyamwezi aliyepita kwa Wagogo na Wazaramo alihitaji mtu wa kuchekana naye bila ugomvi, na wa kumzika akifia njiani. Kwa hiyo mtani ana ruhusa kubwa, lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Bibi na mjukuu ni watani. Mama na mwanawe sio. Bi. Josepha, aliyezoea kuutania mji mzima kwa kalamu, aliusahau mpaka huo ndani ya nyumba yake.

Mwanne alimwambia, "Mama, mimi si mtani wako." Kisha akaomba kwenda kwa shangazi yake Usinge, akamalizia shule huko, akaolewa huko.

Mchezo ule ndio uliosifiwa kuliko yote. Bi. Josepha alipoitwa mbele kupewa cheti, alisema tumbo linamsumbua, akajifungia chooni mpaka makofi yakaisha. Hadi leo ukitajwa hutazama miguu yake.

Tangu hapo hakuleta mchezo wowote kabla haujasomwa nyumbani. Fikiri alipewa kalamu nyekundu, akawa mkali kuliko mhariri yeyote tuliyewahi kuwa naye. Sisi studio tulilalamika kwamba kurasa zinachelewa. Nakala nyingine ilipanda basi la Usinge. Kutoka huko hakikurudi kitu, si ndiyo wala hapana, naye aliendelea kutuma.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, Bi. Josepha alinipa sharti: usiandikwe bila asali, na asali isiandikwe bila idhini ya Mwanne. Alikuwa tayari kuondoka bila kuagwa. Basi nikaupeleka Usinge mwenyewe. Mwanne aliitikia shikamoo za wanawe, akaketi, akasoma taratibu, kisha akaomba kalamu.

Alikata aya moja. Ilikuwa hapa. Sitasema ilihusu nini.

Nikamwuliza kama atakuja kumuaga mama yake kazini. Akasema, "Nitakuja, na nitakaa karibu na mama. Ila kipaza sauti msimpe."

Bi. Josepha, asante kwa Jumamosi zote ulizotupa, na kwa kutufundisha, kwa gharama yako, kuomba ruhusa kwanza. Sasa unakwenda Usinge kwa wajukuu, ambao ni watani wako halali. Nilipoondoka kule walikuwa wamekwisha kukupa jina: Bibi Kipaza. Pumzika vema, ule ushibe, na safari hii uchekwe wewe.