Crescencio Zalapa na Vanishi Isiyokwaruzika

Baba padri, wafiwa wenzangu, mafundi wa mtaa wetu na nyote mlioacha vibanda vyenu vya maonyesho ya magitaa ili kuja hapa, mimi ni Eufrosina, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusema alikuwa nani, na kwa kuwa mdomo wangu mnaujua, naomba mnivumilie hadi mwisho.

Kaka yangu Crescencio Zalapa Querea alizaliwa tarehe 18 Aprili 1966 hapa hapa Paracho, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, mtoto wa tatu wa mzee Wenceslao, fundi magitaa, na mama Natividad, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1972, akamaliza 1978, na hakuendelea, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu meza ya baba ilimvuta kuliko dawati, na alipofika miaka kumi na minane tayari alikuwa ametengeneza gitaa ambalo baba alilipiga, kisha akalitundika ukutani juu ya lake mwenyewe.

Tarehe 16 Novemba 1991 alifunga ndoa na wifi yangu Ofelia katika kanisa hili hili mnalolisikia likigonga kengele, wakajaliwa watoto wawili, Leobardo, aliyezaliwa 1993, na Rosalba, aliyezaliwa 1997, na siku ya harusi bibi harusi alisubiri mlangoni kwa sababu bwana harusi alikuwa bado anasugua gitaa la mteja.

Nasema kusugua kwa sababu wakati huo tulitumia vanishi ya baba, yale magamba yanayoyeyushwa katika spiriti na kupakwa kwa kitambaa kilichoviringwa, tabaka juu ya tabaka, wiki hadi wiki, mpaka mbao zing'ae. Ilikuwa nzuri lakini laini, jasho la mkono liliichubua, pombe ikimwagika baa ilikula hadi mbao, na mwaka 1994 Don Abundio Barriga, aliyekuwa akinunua magitaa yetu na kuyapeleka mpakani, alirudisha shehena nzima, akasimama uani kwetu akamwambia kaka yangu kwa jina lake la utani, "Chencho, wateja wangu hawataki gitaa la kubembeleza kama mtoto mchanga, nitafutie vanishi ya kupuliza, inayodumu, na kazi yote nakupa wewe."

Kaka yangu aliichukua kazi ile kama mtu aliyepewa sakramenti. Alipuliza vipande vya mwerezi kwa kila aina ya vanishi aliyoipata, akavianika juu ya paa kwenye jua la mchana na umande wa alfajiri, akavisugua kwa kifungo cha mkanda, akaweka juu yake kikombe cha uji wa moto, akavifunga kwenye mkono wake na kutembea navyo juani ili viloane jasho lake. Ile inayokauka upesi ilipasuka nyufa ilipofika baridi ya Januari, ile ya kuchanganya na maji ilifanya ukungu mvua zilipoanza, ikabaki ile ya makopo mawili, moja la vanishi na moja la dawa ya kugandisha. Alinijia jikoni na kipande chake mkononi akasema, "Haya, dada, kwaruza," nikakwaruza kwa ufunguo wa mlango, na ufunguo ndio uliopata alama. Alicheka siku ile kama mtu aliyeshinda vita.

Tangu hapo hakuchonga tena. Don Abundio alimjengea chumba cha kupulizia, na kwa kuwa punje moja ya vumbi huharibu mng'ao wote, Crescencio aliziba madirisha kwa magunia yaliyoloweshwa, akazima feni, akafunga leso puani, akapuliza magitaa ya mafundi wa nusu ya mji huu. Juu ya kopo palikuwa na picha ya mtu aliyevaa barakoa nzito, na Don Abundio alisema hiyo ni ya watu wa viwandani, yeye alileta maziwa, lita moja kwa kila siku ya kazi, "Kunywa, Chencho, maziwa yanasafisha kifua," na sisi sote tuliamini, kama mafundi wote wanavyoamini, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia maziwa hupitia wapi kufika mapafuni.

Alianza kuumwa mwaka 2015. Wifi yangu alimwambia, "Unakohoa mpaka kuku wanaamka," naye akajibu, "Ni baridi tu, mama Leobardo," na alipopelekwa hospitali Uruapan, daktari alipomwuliza anafanya kazi gani, alijibu kwa fahari, "Natengeneza magitaa," akatibiwa ugonjwa wa vumbi la mbao kwa miaka minne. Mwezi wa tatu mwaka huu Ofelia alichoka akasema mbele yake, "Hatengenezi, daktari, anapuliza," na mume wake akageukia ukutani. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019, asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu, na katika maonyesho pale uwanjani magitaa aliyoyapuliza miaka ishirini iliyopita yanang'aa bila mkwaruzo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Uruapan, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake waliotoa mwerezi wa migongo ya magitaa tukapata jeneza. Tunamshukuru pia Don Abundio, aliyekaa mstari wa mbele, kwa maziwa, kwa shada kubwa, kwa kuomba alipulizie jeneza hili, na kwa kumwambia Leobardo jana, mbele ya maiti ya baba yake, "Bomba la kupulizia la mzee linakungoja Jumatatu."

Mpwa wangu ni mpole kama baba yake, nami nilikosa usingizi nikiogopa kwamba atakwenda. Lakini kumbe tangu jana mchana alikuwa katika karakana ya uani, madirisha yote wazi, akilisugua jeneza hili kwa kitambaa cha babu yake na vanishi ya spiriti, na leo asubuhi aliniambia, "Shangazi, ukisoma, waambie wabebaji halijakauka."

Kwa hiyo nawaambia, wabebaji, halijakauka, vidole vyenu vitaacha alama, msizifute. Don Abundio, Jumatatu usisubiri mtu. Nawe Chencho, kaka yangu, umemaliza kupuliza, lala salama, upumue.