Shangazi Lai na Supu Chachu ya Kaili

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Aliyezoea kuwaambia saa hizi mkale wapi, leo hayupo. Bi. Lai Huiqiong, ambaye nyote mlimwita Shangazi Lai, alifariki Jumatatu iliyopita hapa Guangzhou, akiwa na miaka sabini na moja. Narudia kwa waliochelewa: Shangazi Lai ametutoka.

Nilikaa naye studio moja miaka kumi na tisa. Alikuwa mkali, mbishi, na chai yangu hakuisifu hata siku moja. Nimeumia, sina namna nyingine ya kulisema.

Sitaanza na sifa zake. Nitaanza na kosa lake, kwa sababu mwenyewe alitaka lisemwe.

Mwaka 1998 alikwenda kula katika mkahawa mdogo karibu na stesheni. Mwenye mkahawa alikuwa Bi. Pan Achun, mtu wa kabila la Wamiao, wa Kaili, mkoa wa Guizhou. Alikuwa akipika samaki katika supu chachu, kama wanavyomla kwao. Sasa sisi watu wa Guangzhou tunajijua. Samaki kwetu ni wa mvuke, tangawizi kidogo, basi. Shangazi Lai alionja kijiko kimoja, akakiweka chini. Kesho yake akasema hapa hapa redioni: "Supu ile imeharibika. Msiende."

Watu hawakwenda. Baada ya wiki tano mkahawa ukafungwa.

Kisha ikaja barua ya fundi mmoja wa kiwanda cha viatu, mtu wa Guizhou. Mume wa marehemu, Mzee Kuang Yaohui, anaikumbuka mpaka leo. "Iliandikwa hivi," aliniambia. "'Shangazi, supu ya kwetu huchachushwa makusudi, mtungini. Umemfukuza mtu aliyekuwa akitulisha cha nyumbani.' Mke wangu aliisoma amesimama. Siku hiyo hakula."

Alipanda garimoshi, safari ya siku nzima na zaidi, mpaka Kaili. Akamkuta Bi. Pan sokoni, anauza pilipili.

"Kumbe ndiye wewe!" Bi. Pan akamwambia mbele za watu. "Kwa sauti ile nilidhani una kichwa kama ngoma. Haya, twende nyumbani ukaonje. Ukiona imeharibika, stesheni unaijua."

Alionja. Akala bakuli tatu. Ndipo akaambiwa lililokuwa zito zaidi. Bi. Pan alikuwa na mtungi wa mama mkwe wake, na supu ya mtungi ule haikuwahi kuisha, mpya ikiongezwa juu ya ya zamani, tangu Bi. Pan hajaolewa. Alipofunga mkahawa na kurudi kwao, mtungi ulivunjika njiani.

"Hii uliyokula nimeianzisha kwa supu ya jirani," alisema. "Ya mama mkwe haipo tena, dada. Sasa unataka nikusamehe nini?"

Shangazi Lai alirudi, akaomba radhi redioni. Alitaja jina lake, akataja jina la Bi. Pan, akataja kosa. Tangu siku hiyo akajiwekea sharti: hatasema neno juu ya chakula cha watu mpaka akakile kwao, ameketi na wenyewe.

Sharti hilo ndilo lililotulisha sisi sote. Alituambia ukitaka supu ya kondoo, nenda Xi'an, mtaa wa Waislamu, tena asubuhi. Pale mteja humega mkate wake mwenyewe, vipande vidogo kama maharage, ndipo mpishi aumwagie supu. Yeye alimega mapande. Mpishi akamrudishia bakuli: "Mama, unalisha bata?" Alicheka akisimulia, lakini alikaa akamega upya, karibu saa nzima. Alitupeleka Shaoxing kwa tofu inayonuka, ile ya maharage ya soya iliyochachushwa. Akatupeleka Chaozhou kwa bata bukini wa viungo. Kwa tofu ya pilipili alisema Chengdu tu, kwingine mnajisumbua. "Midomo ikifa ganzi," alisema, "ujue umefika."

Na kila mwaka alirudi Kaili. Kila mwaka alimuuliza Bi. Pan: "Umenisamehe?" Na kila mwaka alijibiwa: "Kula kwanza, maneno baadaye." Jambo hili lilimtafuna. Binti yake, Zhiyi, alitaka kumpigia Bi. Pan simu kutoka hospitali. "Mama alikataa," Zhiyi ananiambia. "Alisema hataki msamaha wa kuonewa huruma." Akafa bila jibu.

Juzi tulimuaga. Baadaye tukaketi kwenye chakula cha msiba, sahani saba, kama ilivyo desturi. Mara akaingia Bi. Pan, ana miaka sabini na minane, amekumbatia ndoo ya supu toka Kaili. Zhiyi ndiye aliyempa habari.

Shemeji mmoja wa marehemu akamsogelea. "Mama, pole na safari. Lakini tukiongeza hii zitakuwa nane. Nane ni za harusi."

Bi. Pan akabaki amesimama na ndoo yake. Mzee Kuang akainuka. Akaitoa mezani sahani ya samaki wa mvuke, samaki wetu sisi, akaipeleka jikoni mwenyewe.

"Sasa ni saba," akasema. "Kaa, dada."

Tulikula. Kisha mzee akamuuliza lile ambalo mkewe aliuliza miaka yote. Bi. Pan akaanza kulia.

"Nilimsamehe mwaka wa pili tu," alisema. "Niliogopa nikimwambia, hatakuja tena."

Wasikilizaji wapendwa, Mzee Kuang, poleni. Zhiyi, pole mwanangu. Na wewe Bi. Pan, kama unatusikia huko Kaili, pole sana, msiba huu ni wako pia.

Nanyi mnaonisikiliza, labda yupo mtu mliyekwisha kumsamehe kimoyomoyo, na mwenyewe hajui. Zimebaki dakika tatu za kipindi. Sitaweka muziki, sitasema neno. Mpigieni.