Tumbili wa Vidole Tisa

Mheshimiwa Mchungaji Callixte. Mama Mueni, mwenyekiti wa chama chetu. Wazazi wetu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu mliovaa kofia nyeupe za kuhitimu leo: shikamooni wakubwa, na wengine salamu.

Mama Mueni aliniomba nieleze kazi yangu ya kumalizia shule, kwa kuwa ilipata alama ya juu. Nilimwambia siwezi kusema mbele ya watu. Akanijibu, "Diane mwanangu, soma tu kwenye karatasi. Hawatakula wewe, pilau ipo." Basi ninasoma.

Niliandika kuhusu michoro ya Nazca, katika jangwa la Peru. Miaka kama elfu mbili iliyopita, watu wa huko waliondoa mawe meusi ya juu ili ardhi nyeupe ya chini ionekane, wakachora ndege, buibui na tumbili, wengine karibu urefu wa kiwanja cha mpira. Kwa nini mtu ajichoshe kuchora kitu ambacho yeye mwenyewe, akisimama pale, hawezi kukiona vizuri? Hakuna mwenye jibu la uhakika. Majina ya wachoraji pia hatuyajui. Niliandika hivyo, na mwalimu akaisifu sentensi hiyo.

Lakini mchoraji mmoja ninamjua, na sikumtaja.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, Yvan na Mélissa wa darasa letu walikuja kwetu mtaa wa Husby, ghorofa ya saba, tusome pamoja. Tulipotoka nje, kwenye roshani, tuliona chini, katika uwanja kati ya majengo, tumbili mkubwa aliyechorwa kwa nyayo kwenye theluji, mkia umejiviringisha. Katikati ya mkia ulisimama mpini wa ufagio, umefungwa kamba yetu ya kuanikia nguo, kama bikari ya kuchorea duara.

Yvan akahesabu. "Mkono huu vidole vitano, ule vinne. Aliyechora hajui hesabu."

"Kimoja kiliganda, jamani," akasema Mélissa.

Nikacheka kuliko wao. Yvan akaniuliza ni kazi ya nani. Nikasema, "Sijui. Labda watoto."

Tumbili wa Nazca ana vidole tisa. Nilijua. Kitabu cha maktaba kilikaa mezani kwetu wiki nzima, na kumbe si mimi peke yangu niliyekisoma. Nilipogeuka, Papa alikuwa amesimama nyuma yetu, mlangoni, na birika la chai, soksi zimelowa. Alikuwa ametoka zamu yake ya usafi hospitalini, na badala ya kulala alikuwa ametembea kwa saa mbili kwenye baridi kwa ajili yangu.

Alimuuliza Mélissa kama anatumia sukari, akarudi jikoni. Kwenye roshani hakufika. Mchana mvua ikanyesha, na jioni pakabaki tope. Sikupiga hata picha moja.

Kwa miezi minne nimetaka kumwambia, na kila nikianza ninaishia kusema habari nyingine, tena kwa Kiswidi.

Papa Évode, umekaa meza ya nyuma karibu na mlango, kama kawaida yako. Nilijua ni wewe. Nilijua hukukosea. Nisamehe.

Mwezi wa nane ninahamia mji wa Umeå, mbali kaskazini, kusoma. Theluji ya kwanza ikianguka Husby, nipigie simu, nitakuja. Safari hii wewe utakaa juu na chai yako, na mimi nitatembea. Nikikosea vidole, unipigie kelele kutoka ghorofa ya saba, kila mtu asikie mimi ni mtoto wa nani.

Asanteni nyote kwa kuivumilia sauti yangu ndogo.