Maisha ya Mwalimu Kesho na Vigoda Visivyokwisha

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu mliofanya kazi naye, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma na sare zenu, familia imenipa mimi, dada yake mdogo, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na imeniomba nisitie chumvi, nami nitajitahidi, ingawa yeye mwenyewe kwa kutia chumvi hakuwa na mpinzani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba yetu, na hapa niseme waziwazi, kwa kuwa wazazi wetu wote wametangulia na yeye alitaka lisemwe, baba alikuwa mlevi na mkono wake ulikuwa mwepesi, na sisi watoto tulijua jioni itakuwaje kwa jinsi komeo la mlango lilivyofunguliwa. Mama alivumilia hadi mwaka 1966, akafungasha, akarudi kwao, na hatukumlaumu.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akawa mwanafunzi wa kawaida, mbishi kupita kiasi. Mwaka ule mama alipoondoka, kaka yetu mkubwa, akiwa na miaka kumi na miwili, alionjeshwa pombe na wapakiaji wa matofali, akatuambia kwamba kwa mara ya kwanza amelala bila kuusikiliza mlango. Marehemu naye angeonja, tena kwa furaha, ila njiani kutoka shule palikuwa na seremala mmoja mwenye gubu, asiyependa watoto hata kidogo, ambaye alimpa kipande cha mbao akipige randa ili tu asimsumbue, na kila jioni alimfukuza kabla hajamaliza, akimwambia aje kesho. Kaka mkubwa tulimzika mwaka 1979, ini limekwisha. Marehemu hakupenda kuambiwa kwamba yeye alikuwa na akili au moyo mgumu kuliko kaka yake, alisema walilala kitanda kimoja na kupigwa kwa mkanda mmoja, tofauti yao ni kwamba mmoja saa kumi jioni alikuwa na mahali pa kwenda.

Alimaliza sekondari mwaka 1974, akasomea useremala na ualimu katika chuo cha ufundi, na tarehe 10 Januari 1977 akaajiriwa shule hii ya sekondari iliyo jirani yetu, akakabidhiwa banda la mabati lenye meza nne za kazi na dirisha lisilofunga, akakaa humo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017, na baada ya kustaafu akaendelea kwenda kila siku kana kwamba barua haikumfikia.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi wa zahanati, aliyemfahamu siku alipojichoma patasi kiganjani, naye wakati wa kumshona alimshauri atafute kazi nyingine. Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na kijana mmoja, na wifi ni shahidi kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kulia chakula kwenye meza iliyokwisha kutengenezwa.

Mwaka 1991 marehemu alifanya kosa ambalo alilisimulia mpaka mwisho. Alitengeneza ubao wa maonyo, akaubandikia kipisi cha bangi, chupa ya pombe kali na mkebe wa gundi ya viatu, akasimama mbele ya shule nzima kueleza kila kimoja kinamfanya nini mtu. Watoto wa nyumba zenye utulivu waliogopa, nao wasingegusa hata hivyo. Kabla wiki haijaisha mkebe ulitoweka, na kijana wa kidato cha kwanza, ambaye kwao alichomwa kwa pasi akikosea, alikutwa nao nyuma ya vyoo, na alipoulizwa alijibu kwamba mwalimu mwenyewe amesema kile kitu kinasahaulisha. Kijana yule aliacha shule, marehemu alimtafuta sana, hakumpata.

Ubao ule aliupasua kuni. Aliondoa bandani gundi yote na vanishi yote, akaanza kufundisha kuunga mbao kwa vigingi, na tangu hapo hakumuuliza mtoto habari za ulevi kabla hajamuuliza nyumbani kuna nani saa hizi. Kengele ya mwisho ikilia, banda lilibaki wazi hadi giza, na kila aliyekuja alipewa kigoda cha kutengeneza, kwa sharti moja ambalo watoto hawakulijua, kwamba kazi haimalizwi siku ilipoanzwa, na akiona mguu unakaribia kukaa sawa, alikuwa tayari kuutafutia kasoro. Ndiyo maana wakamwita Mwalimu Kesho. Wenzake walimcheka, mkaguzi mmoja aliandika kwamba mwalimu huyu ni mzembe, na marehemu alifurahi sana.

Mwaka 1998 alikuja binti wa miaka kumi na mitatu, aliyeitwa Msasa kwa jinsi ulimi wake ulivyokwaruza. Mama yake alifariki, akazungushwa kwa ndugu, na katika nyumba ya mwisho alitendewa mambo nisiyoyasoma hapa, na muuza duka mmoja alikwisha kuanza kumpa pombe. Siku ya kwanza alimwambia marehemu kwamba kigoda chake kibaya na harudi tena, akajibiwa sawa, lakini mguu wa tatu unatiwa kesho, akarudi ili abishane. Siku alizokuja ananuka pombe, hakufukuzwa, alinyang'anywa msumeno, akapewa ufagio, akaambiwa kesho. Kigoda kile kilichukua miaka miwili. Leo Msasa ni mama wa watoto wawili na ndiye mwalimu wa useremala wa shule hii.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2023, kwa vumbi la mbao, akalazwa mara ya mwisho tarehe 27 Januari 2025, akafariki Jumatano, tarehe 5 Februari, binti yake mkubwa akiwa amemshika mkono, na neno alilorudia siku hizo lilikuwa kuuliza kama banda limefunguliwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia nyundo, walimu wenzake, na mkuu wa shule, ambaye tunajua anataka banda liwe stoo ya saruji, naye tunamwomba kwa heshima, mbele ya watu wote hawa, aingie kwanza aone vile vigoda vyenye miguu miwili miwili, wenyewe wamesimama kule nyuma.

Jeneza hili amelitengeneza Msasa kwa vigingi, hakuna hata tone la gundi. Alianza jana asubuhi na jana jioni likawa tayari, na alipopiga kigingi cha mwisho alikaa chini akalia sana, kwa sababu katika banda lile hicho ndicho kitu cha kwanza kuanzwa na kumalizwa siku hiyohiyo.

Pumzika kwa amani, kaka. Jumatatu, saa kumi, tutafungua.