Fromaji Ndani ya Kurasa za Mwisho

BÉATA: Haloo, wifi, tegua hii. Ana mabawa mawili na upanga wa moto, anaua joka asubuhi, lakini kuomba mwanamuke ndoa inamushinda. Nani huyo?

HÉLÈNE: Haloo? Ni nani? Rezo ya simu iko mubaya huku Walikale.

BÉATA: Ni miye Béata, wa Nyamitaba. Bibi na mujane ya kaka yako, Mungu amurehemu. Jibu basi.

HÉLÈNE: Sijui. Mupumbavu.

BÉATA: Ndiyo, njo yeye. Mufalme wa mu kitabu ya mujukuu wetu Umugwaneza. Miezi mitatu ninamusoma na kidole. Kurasa mia sita, Hélène. Anapenda mama mumoja muganga wa dawa, kila siku anafika ku mulango yake, anamuuliza kama iko na kuni, anaruka, anaenda. Kuni!

HÉLÈNE: Na wewe unaendelea kusoma?

BÉATA: Ninasoma ili nimuzarau vizuri.

HÉLÈNE: Kurasa mia si—

BÉATA: Ngoja. Ile fromaji ya maziwa ya ng'ombe nilituma na Valens wa pikipiki, ulifungua?

HÉLÈNE: Tulikula jana.

BÉATA: Na karatasi yenye niliifungia? Mufalme alikuwa ameruka tena bila kusema kitu. Nikakasirika, nikapasua kurasa za nyuma, nikafungia fromaji. Kumbe njo mwisho yenyewe ya kitabu. Usiniambie umewashia nayo moto ya makala.

HÉLÈNE: [anacheka] Iko hapa. Imekunywa mafuta, lakini inasomeka. "Akasimama ku mulango, akafungua kinywa—"

BÉATA: Polepole.

HÉLÈNE: Hapana. Wewe kwanza. Valens anasema Papa Sebarenzi, ule wa kufiwa na bibi, anashinda ku lupango ya nyumba yako.

BÉATA: Anatengeneza senyenge ya uzio.

HÉLÈNE: Miaka ine? Hiyo senyenge inazunguka Masisi yote?

BÉATA: Ni muntu wa polepole.

HÉLÈNE: Mwenye mabawa unamutukana, mwenye nyundo unamupikia maharagi.

BÉATA: Wangu angalau haruki.

HÉLÈNE: Wako?

BÉATA: Haloo? Rezo ina—

HÉLÈNE: Rezo iko muzuri sasa. Alikuomba ndoa?

BÉATA: Kisha Pasaka kupita. Alikuja na shati ya kupiga pasi, hata nyundo hakubeba. Akasema.

HÉLÈNE: Na ulimujibu nini?

BÉATA: Soma karatasi, wifi, unite za simu zinaisha.

HÉLÈNE: Ulimujibu nini, Béata?

BÉATA: Nilimwambia ningali bibi ya jamaa ya kwenu. Na kwenu hakubaki muzee mwingine, ni wewe tu. Nikamwambia angoje nikuulize. Basi, njo ninakuuliza.

HÉLÈNE: [karatasi inasikika ikikunjwa]

BÉATA: Wifi? Uko pale? Nimebakiza dakika moja. Kama ni hapana, sema hapana, nitamupelekea hiyo jibu mwenyewe.

HÉLÈNE: Tangu tumuzike kaka yangu Mbonigaba, kila mwezi unanitumia fromaji. Ilikuwa kwa sababu ya kuniomba hiyo?

BÉATA: Ilikuwa kwa sababu unapenda fromaji.

HÉLÈNE: Miezi mitatu unacheka mufalme wa karatasi, na simu ya kuniuliza iko mu mufuko ya kitenge yako. Wapumbavu wako wawili.

BÉATA: Tukana tu, lakini fanya mbio. Inalia, inataka kukatika. Nimwambie nini?

HÉLÈNE: Mwambie alete ndugu zake siku ya samedi. Watanikuta nimeikala kwako, ku kiti ya kaka yangu, njo miye nitawapokea.