Wake Watatu wa Historia

Mbele ya kinu cha posho cha soko la Marani pana benchi la mkaratusi ambalo halijawahi kukaliwa na mtu mwenye haraka. Hapo Apondi, aliyekuja kutoka upande wa ziwani na birika lake, huuza kahawa ya tangawizi kwa watu wanaoilima kahawa hiyohiyo milimani na kuingoja irudi ndani ya kopo. Ijumaa hiyo wenyewe walikuwa wametimia. Alikuwapo mzee Bosire, aitwaye Mpaka kwa kuwa yeye na kaka yake wamegombania mstari wa miti hadi miti yenyewe ikazeeka. Alikuwapo Anyona, aitwaye Hansadi kwa sababu hasahau neno lililosemwa pale hata kama mwenyewe amelikana. Alikuwapo pia Onyiego wa bodaboda, aitwaye Breki, kitu ambacho pikipiki yake haina. Katikati yao, magoti yamebanana, alikaa Nyamoita, mhadhiri wa Historia wa mkataba katika chuo kikuu kichanga kilicho juu ya soko. Simu yake ilikuwa inarekodi. Alikuwa ameiangalia mara kadhaa kuhakikisha kwamba inarekodi.

— Rudia, mwanangu, — alisema Mpaka. — Polepole, kama mtu anayemweleza shemeji.

— Chuo kinataka kuanzisha somo dogo la Historia, — alisema Nyamoita. — Mwanafunzi anasomea kitu kingine, tuseme uuguzi. Pembeni anachukua Historia kidogo, yenye mikazo mitatu. Kila mkazo unaiunganisha Historia na idara nyingine.

— Na sisi tunaingiaje?

— Kamati ya mitaala imerudisha rasimu yangu. Inasema umma haukushirikishwa. Inataka umma ukubali, kwa kauli moja, kabla ya Jumatatu.

— Umma ni sisi? — aliuliza Breki akiangalia nyuma yake.

— Mko hapa kila siku.

— La sivyo? — aliuliza Hansadi.

Nyamoita alimeza kahawa ikamchoma.

— La sivyo Idara ya Historia inafungwa. Na mkataba wangu unafungwa nayo.

Benchi likapuliza vikombe kwa heshima.

— Manze, madam, si ungepeleka Kisii mjini? — alisema Breki. — Umma wa huko umevaa viatu. Lakini ni sawa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndiyo maana Historia imetembea mpaka Marani.

— Kwa hiyo methali umemtukana mwalimu, — alisema Hansadi.

— Nimemsifu!

— Nyamazeni, — alisema Mpaka. — Umesema kuunganisha. Kuunganisha watu wa nyumba mbili, hiyo tunaijua. Hiyo ni ndoa. Nani amekuwa esigani?

— Nani amekuwa nini? — aliuliza Apondi.

— Mshenga, mama. Huku kwetu huoi kabla esigani hajaenda kuchunguza hao watu. Wana ugonjwa? Wana hasira? Waligombana na nani? Mwalimu, umetuma esigani kwa hizo idara?

— Nimetuma barua pepe, — alisema Nyamoita.

— Barua pepe haiwezi kuona kama mama mkwe ni mchoyo.

Nyamoita alijaribu kuwarudisha kwenye mstari. Alisema rasimu yake ilikuwa na mikazo mitatu: Historia na Jiografia, Historia na Afya, Historia na Muziki.

— Yaya, hapana! — Mpaka alisimama. — Historia na Jiografia? Hao ni ndugu!

— Mzee, ni idara mbili tofauti.

— Tofauti wapi? Mimi nimesoma shule ya msingi. Historia, Jiografia na Uraia vilikuwa somo moja, kitabu kimoja, mwalimu mmoja, kiboko kimoja. Wamelala kitabu kimoja tangu utotoni! Ukoo mmoja hauoani, mwanangu. Mtatuletea mtoto mwenye ramani usoni.

— Mzee amesema kweli, — alisema Hansadi. — Na iko mbaya zaidi. Sekondari iliitwa Historia na Serikali. Sasa hiyo si ndoa ilikuwa? Waliachana lini? Ng'ombe zilirudishwa?

— Hawakuachana, — alisema Nyamoita, na papo hapo akajuta. — Yaani, ile ilikuwa sekondari. Chuo kikuu ni jambo jingine.

— Ameenda chuo akamwacha mume nyumbani, — alisema Breki. — Classic.

— Ndiyo maana Serikali hakumbuki kitu, — alisema Hansadi. — Alikuwa anakumbushwa na bibi.

Nyamoita aliifuta Jiografia kichwani. Alikuwa ameandika kurasa nyingi juu ya Jiografia, zenye marejeleo yaliyopangwa kwa alfabeti.

— Basi mkazo wa kwanza uwe nini?

— Ndizi, — alisema Mpaka.

— Ndizi?

— Historia na Idara ya Kilimo. Mgomba unasimama mama, mtoto na mjukuu kwenye shina moja. Hiyo ndiyo maktaba. Mwanafunzi akae shambani muhula mzima. Akitaka kujua mpaka wa kweli uko wapi, asimwulize ndugu yangu, huyo ni mwongo. Aulize mgomba.

— Mgomba utajibu vipi?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ainame.

— Mkazo wa pili ni wangu, — alisema Breki. — Historia na Uhandisi. Barabara, madam! Kila kitu kimekuja na barabara: chai, kanisa, shemeji, hata wewe. Mtihani ni rahisi. Mtahini anapanda nyuma yangu kule juu mlimani Manga. Tunashuka. Yale yote anayoyakumbuka kwenye ile kona ya mwisho, hiyo ndiyo historia.

— Na akianguka?

— Anarudia mwaka.

— Akifa? — aliuliza Apondi.

— Anakuwa chanzo cha msingi. Si ndiyo mnaita hivyo, madam?

Hofu ya Nyamoita ilikuwa kwamba walikuwa wanaita hivyo hasa.

— Wa tatu, Historia na Sheria, — alisema Hansadi. — Kila kijiji kiwe na mtu wa kusikiliza tu. Ukisema mwaka huu, mwaka kesho anakuja mlangoni na kukusomea. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya muda hakuna mtu anasema kitu, na nchi inatulia.

— Hiyo si historia, hiyo ni bibi yangu, — alisema Breki.

— Ngojeni, — alisema Apondi akichochea makaa. — Mimi si mtu wa huku, niambieni. Huyu Historia mmemwoza kwa Kilimo. Mmemwoza kwa Uhandisi. Mmemwoza kwa Sheria. Msichana mmoja, waume watatu?

Benchi lilishtuka. Mpaka alivua kofia. Hansadi alitazama chini kama mtu aliyetajiwa wakwe.

— Basi tugeuze, — alisema Mpaka baada ya kufikiri. — Historia ndiye bwana. Hawa ni wake zake watatu. Kila mmoja na nyumba yake, kila mmoja na jikoni yake.

— Hapo sawa, — alisema Hansadi. — Sasa tunakubaliana?

— Kwa kauli moja? — aliuliza Nyamoita. Ndizi zingeweza kuitwa mazingira. Manga ingeweza kuitwa mafunzo ya nyanjani. Alikuwa tayari anatafuta maneno ya kamati, na yalikuwa yanapatikana.

Wakati huo Abigael, mama mmoja wa kanisani kwao Mpaka, alitua kapu la parachichi na kuomba kikombe.

— Bwakire, — alisalimia. — Kuna arusi ya nani?

— Tunaozesha Historia, — alisema Mpaka kwa fahari. — Wake watatu.

— Watatu! — Abigael alikaa. — Na huyo Historia anafanya kazi gani?

Breki alitazama pikipiki yake. Hansadi, asiyesahau neno, alirudi kuyapitia yote yaliyosemwa. Mpaka alitazama upande wa mstari wake wa miti. Kisha wote, polepole, wakamgeukia Nyamoita.

— Anasaidia watu kuelewa walikotoka, — alisema Nyamoita.

— Hiyo ni tabia, mwalimu. Mimi nimeuliza kazi. Nina msichana anaingia huko chuoni mwezi wa tisa, atakuja na hilo jina nyumbani, na baba yake ataniuliza hivyo hivyo.

Nyamoita alikuwa na shahada mbili za huyo bwana. Alizipekua zote mbili, sura kwa sura, na Abigael akamngoja bila ukali.

— Sijui, mama, — alisema hatimaye.

— Mimi pia sijui, — alisema Mpaka kwa upole.

— Hata mimi, madam. Na nimekuwa naishuka kila siku pale Manga.

— Tuliweke vizuri, — alisema Hansadi akisimama. — Hoja ni kwamba hatujui Historia anafanya kazi gani. Wanaokubali?

Mpaka akainua mkono, Hansadi mwenyewe akainua. Breki akainua. Abigael akainua wake wenye kikombe. Apondi akainua birika akaligeuza, halikutoa hata tone.

Nyamoita aliihesabu mikono, kisha akaihesabu tena, kwa kuwa kamati ingetaka uhakika. Ilikuwa kauli moja kabisa. Mkono wa mwisho ulikuwa wake.