Nafasi Mwishoni mwa Jina

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Malka, Daktari Mtarajiwa Chengo, pamoja na Familia; Bwana Mkurugenzi Sadik; wajumbe wa Bodi mliofika, na wajumbe ambao makoti yao yamefika na kuning'inizwa vitini; wazee wa mashamba na wazee wa ng'ombe; wafanyakazi wenzangu; Mama Nimo Boru, uliyekaa mstari wa tatu karibu na dirisha; na wewe dada yetu Cynthia Nyale, ambaye ndiwe tuliyekuja kukuaga: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Itifaki nimeizingatia mpaka imechoka.

Mimi naitwa Darmi Godhana. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika dirisha la usajili hapa Garsen. Nimepewa dakika kumi, na karatasi niliyokabidhiwa na Bwana Mkurugenzi inanitaka niseme mambo matatu: kwamba Cynthia alikuwa mchapakazi, kwamba alikuwa mcheshi, na kwamba tunamtakia kila la heri huko aendako. Hayo nimeshayasema. Zimebaki dakika tisa, na hizo ni zangu.

Kwa faida ya wageni waliotoka Nairobi asubuhi, malka ni njia ya ng'ombe kupita katikati ya mashamba kwenda kunywa maji mtoni. Mkulima ana mahindi yake huku na huku, mfugaji ana kiu hapo katikati. Tumegombania njia hizi, jamani, na humu ukumbini hakuna ukoo ambao haukuzika mtu. Ndipo Bodi ikaamua, na katika hili naisifu bila utani, kwamba kila kundi la ng'ombe lipewe siku yake, ratiba iwekwe kwenye tovuti, na mlinzi wa malka awe na orodha iliyochapwa. Kila mfugaji akapewa neno lake fupi la kujitambulisha. Mama Nimo akawa "nimoboru", herufi ndogo, kwa pamoja. Siku yake ni Alhamisi.

Tovuti hiyo aliiandika Cynthia peke yake, kwa Perl, lugha ya kompyuta iliyozaliwa kabla yake. Vijana wa makao makuu Hola walimcheka. "Sista, hiyo ni ya mababu." Akawajibu, "Hata mto ni wa mababu, na maji yake mnakunywa."

Siku moja nilimuuliza, wewe mwanamke, kazi yako hasa ni nini? Akanionyesha mstari wa kwanza wa ile programu, na mwishoni mwake herufi moja, T kubwa. Akasema, "Darmi, nikiiweka hii, kila kitu kinachoingia kutoka nje ni najisi mpaka nikikague. Haijalishi kimeandikwa na nani." Nikashtuka kidogo. Haijalishi ni nani? Katika ofisi ya umma? Akasema haijalishi. Kisha akanionyesha mlango wenyewe: neno liwe la herufi ndogo na tarakimu tu, zisipungue nne, zisizidi kumi na mbili, tangu mwanzo wa neno hadi mwisho wake kabisa. Nikamuuliza kwa nini asisitize "kabisa". Akasema wengi huufunga mwisho kwa alama ya dola, na dola ina tabia ya kuacha kitu kidogo kipenye nyuma yake. Wazee, niliguna tu. Mimi ni mtumishi wa umma, tabia za dola sikuhitaji kufundishwa na kompyuta.

Mlango ule ulifanya kazi miaka minne. Hakuna ng'ombe aliyekosa maji kwa sababu ya jina.

Halafu Mheshimiwa Mwenyekiti akaamua kusajili ng'ombe wake. Ni haki yake. Ni ng'ombe wengi, wamezaliana kwa kasi ya ajabu tangu achaguliwe, na wao pia wana kiu. Alikuja mwenyewe, hakutuma mtu, na hilo lilitutia moyo sana. Akakaa, akaandika kitambulisho chake kama kilivyo kwenye kadi za mialiko: Mhe. Dkt. (Mtarajiwa) Chengo & Familia. Tovuti ikamjibu kwa adabu: "Kitambulisho hiki hakikubaliki. Tafadhali tumia herufi ndogo na tarakimu."

Nani kati yenu alishawahi kuona kiongozi akiambiwa atumie herufi ndogo?

Bwana Mkurugenzi alifika mbio, kiatu kimoja hakijafungwa. "Cynthia, mfumo hauwezi kumkataa Mheshimiwa!" Cynthia akasema haujamkataa yeye, umekataa mabano, nukta na ile alama ya "na". Bwana Mkurugenzi akatoa wazo, na kusema kweli lilionekana zuri. "Basi usikatae. Safisha! Yale yasiyotakiwa yatoe kimyakimya, yanayobaki yapite." Cynthia akamwonya kwamba kukagua ni kitu kimoja na kusafisha ni kingine. Ukikagua, mtu anajua amekosea wapi. Ukimsafisha kimyakimya, anatoka akiwa mtu mwingine na hana habari. Akaambiwa asibishane, afanye.

Akafanya. Mabano yakatoka, nukta zikatoka, herufi kubwa zikawa ndogo, nafasi zikafutika, na neno likakatwa lilipofika herufi ya kumi na mbili. Mheshimiwa akageukia kioo cha kompyuta aone jina lake jipya. Nalikumbuka mpaka leo, nitawasomea herufi kwa herufi: m, h, e, d, k, t, m, t, a, r, a, j. Mhedktmtaraj. Vyeo vilikuwa vimejaza herufi zote kumi na mbili, na jina la Chengo halikupata pa kukaa.

Cheka, Mheshimiwa, cheka. Siku ile hukucheka.

Ilipofika saa nane mchana barua ilikuwa imetoka Hola, ina muhuri, inaagiza "vizuizi vyote visivyo vya lazima viondolewe katika usajili ili kuboresha huduma kwa wananchi". Mwananchi alikuwa mmoja, lakini barua nzuri haisemi hivyo. Mlango ukang'olewa. Mheshimiwa akaingia na vyeo vyake vyote, na Familia.

Sasa naomba tupunguze vicheko.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kuhuisha usajili, na ukame mnaujua ulivyokuwa. Mama Nimo alikuja dirishani Jumatatu. Mumewe alifariki, ng'ombe arobaini na mmoja ndio shamba lake, ndio pensheni yake, ndio heshima yake mbele ya shemeji zake. Kompyuta ilikuwa imezima, tukatumia simu. Jina liliandikwa "nimo", simu ikapendekeza lililobaki, likaguswa kwa kidole, likakamilika. Simu zetu hizi zina ukarimu wao: ukikubali neno zinazokupa, zinakuongezea nafasi mwishoni, tayari kwa neno linalofuata. Nafasi moja. Haionekani. Huwezi kuisikia hata ukilisoma jina kwa sauti.

Ule mlango wa zamani ungekataa hapo hapo. Lakini hatukuwa na mlango, tulikuwa na huduma iliyoboreshwa. Kwa hiyo kukawa na Mama Nimo wawili: mmoja wa zamani, asiyehuishwa, na mwingine mgeni kabisa, mwenye nafasi mwishoni mwa jina na asiye na ng'ombe hata mmoja.

Alhamisi Mama Nimo akafika malka ya Kaviha na kundi lake. Mlinzi pale ni Charo, mkulima, mtu mwadilifu. Charo akafungua orodha. Nimoboru wa kwanza, muda umekwisha. Nimoboru wa pili, ng'ombe sufuri.

"Mama, hapa yasema huna ng'ombe."

"Charo, hawa wanaolia nyuma yangu ni nini?"

"Mimi naona ng'ombe, Mama. Karatasi ndio haioni."

Msimlaumu Charo. Tulimfundisha sisi kwamba akimpitisha mtu mmoja nje ya orodha, kesho watapita mia, na mahindi ya watu yataliwa, na tutarudi kule tulikotoka. Alifuata sheria huku anatokwa machozi. Bwana Mkurugenzi, Mama Nimo alipokuja ofisini Ijumaa ulimshauri aandike barua, aipeleke Hola, asubiri siku kumi na nne za kazi. Ng'ombe hawajui siku za kazi. Jumamosi asubuhi wawili walianguka, mita mia nne kutoka majini, wakiwa wanaunusa mto. Mmoja alikuwa na mimba.

Jumamosi hiyo hiyo, ofisi ikiwa imefungwa, Mama Nimo alimfuata Cynthia nyumbani. Hakumwambia habari ya mfumo. Alimwambia, "Mwanangu, kwenu imeandikwa sina ng'ombe. Sasa nimeanza kuwa sina kweli." Cynthia akafungua kompyuta yake barazani. Akaliangalia lile jina mara mbili likiwa sawasawa, juu na chini. Akafanya kitu cha kitoto kabisa: akachapa orodha upya, kila jina akalizungushia mabano. La juu mabano yalibana. La chini, kabla ya bano la kufunga, palikuwa na mwanya.

Hakuandika barua. Aliunganisha majina yale mawili, akarudisha mlango wake wa zamani, herufi ndogo na tarakimu, mwanzo hadi mwisho kabisa, akampigia Charo simu. Saa tano ng'ombe thelathini na tisa walikuwa wanakunywa. Na Mheshimiwa, kwa masikitiko, akabaki nje tena na Familia.

Bodi haikukaa kimya. Iliunda kamati ya watu saba, na ili wawe karibu na tukio wakakaa siku tisa kwenye hoteli Malindi. Wakagundua kwamba chanzo cha maafa kilikuwa "ukali wa mfumo kwa wateja wa ngazi ya juu", pamoja na mtaalamu aliyebadilisha mfumo bila idhini. Mkataba wa Cynthia ulipofika mwisho, akapewa barua. Nimemwomba ruhusa niisome. Ina mstari mmoja wa maana: "Tunasikitika kukuarifu kwamba kwa sasa hakuna nafasi."

Hakuna nafasi! Mwanamke aliyeiona nafasi ambayo sisi sote tulipita juu yake, anaambiwa hakuna nafasi. Humu ndani kila mmoja ana mpwa anayemtafutia nafasi. Nafasi za vikao, nafasi za masomo, nafasi ya kuketi mbele. Iliyowahi kupatikana bila kuombwa ni moja tu, na ilikaa mwishoni mwa jina la mjane ikamfukuzia ng'ombe kutoka majini.

Ndugu zangu, kuna kitu nimekisema vibaya kwa makusudi, labda wenye masikio mmekisikia. Nilisema "jina liliandikwa". Nilisema "likaguswa kwa kidole". Haya ndiyo maneno niliyoipa kamati. Kamati iliniuliza, "Bi Darmi, uliona kasoro yoyote dirishani?" Nikajibu, "Hapana, wazee." Nina watoto wanne. Niliogopa kibarua changu kisiote nyasi, nikamwacha Cynthia abebe.

Kidole kilikuwa changu, na simu ilikuwa hii hapa mkononi mwangu. Cynthia alijua tangu ile Jumamosi, maana mfumo wake unaandika kila usajili umefanywa na nani, na hakusema neno, si kwangu, si kwa kamati. Miezi mitatu nimekunywa chai naye nikiona haya, na leo ndiyo siku ya kwanza naweza kumtazama.

Mheshimiwa, najua unatazama saa. Namalizia.

Cynthia, asante kwa miaka yako. Charo, asante kwa kulia, ingawa hukufungua. Mama Nimo, nilikukosea mimi, wala si mashine, na nyumbani kwangu yupo mtamba mmoja mwenye mimba, ni wako kuanzia jioni ya leo. Najua hilo haliwarudishi wale wawili.

Na Bodi inayosema hakuna nafasi: ipo. Ilikuwa yangu, dirisha la usajili, Garsen. Barua yangu ya kujiuzulu iko mezani mbele ya Bwana Mkurugenzi, chini ya ile chupa ya maji. Imesainiwa Darmi Godhana, bila cheo, na mwishoni mwa jina hakuna kitu.

Mmenisikiliza mpaka mwisho kabisa. Asanteni.